Lini Mwamba Hukunjika, Lini Huvunjika

Ukipanda kutoka Mombo kwenda Lushoto, barabara inakata ubavu wa mlima na kuacha mwamba wazi upande mmoja. Abiria wengi hutazama upande wa pili, kwenye bonde, na hawana kosa, kwa sababu bonde lenyewe linapendeza na kutisha kwa pamoja. Anayegeuza shingo ataona mawe yenye mistari myeusi na myeupe, na mistari hiyo haikunyooka. Imekunjwa ikajirudia, mahali pengine imebanwa ikawa myembamba, mahali pengine imevimba. Okota kipande kilichoanguka, kisogeze machoni, utaona punje za kwatzi zilizovutwa zikawa tepe, na garneti ndogo nyekundu ambazo tepe hizo zimezizunguka na kuendelea na safari yake. Hakuna ufa. Jiwe hili, ambalo leo ukiligonga kwa nyundo linapasuka kwa mlio mkali, liliwahi kutiririka likiwa jiwe.

Nasema likiwa jiwe kwa makusudi, maana haraka ya kwanza ya msomaji ni kudhani liliyeyuka. Sehemu kubwa haikuyeyuka. Wanajiolojia waliosoma madini ya milima ya Usambara, Pare na Uluguru wanakadiria kwamba miamba hii ilifikia joto la nyuzi 800 za Selsiasi na zaidi, kwenye kina cha kilomita 30 hivi au zaidi, takriban miaka milioni 640 iliyopita, wakati mabara yalipogongana. Mkunjano huo mkubwa, unaoanzia kusini na kupita Tanzania na Kenya kuelekea kaskazini, uliitwa Ukanda wa Msumbiji na Mwingereza Arthur Holmes katika andiko lake la mwaka 1951. Holmes aliijua Msumbiji kwa mwili wake: alikwenda huko mwaka 1911 akiwa kijana, kutafuta madini, na malaria ikamwangusha vibaya. Tutakutana naye tena, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa upande wa haki katika ugomvi mkubwa kuliko wote juu ya jambo hili.

Swali ni jepesi kuuliza: ni nini kinachoamua kama kitu kigumu kitavunjika au kitafinyangika? Jibu la haraka, kwamba ni joto, ni nusu ya jibu. Ugumu si mali ya jiwe peke yake. Unategemea joto lake, kinacholibana kutoka pande zote, maji yaliyojificha ndani yake, na kasi unayolisukuma. Badilisha kimojawapo, na jiwe lilelile linakuwa kitu kingine.

Tuanze na hatua ambayo haina utata. Kila kitu kigumu kikibanwa au kuvutwa kidogo hunyumbuka, na ukiachia kinarudi kilivyokuwa. Robert Hooke alichapisha kanuni hiyo mwaka 1678: mvuto ukiongezeka maradufu, mnyumbuko nao huongezeka maradufu. Kanuni ya Hooke ina mpaka. Ukivuka mpaka huo, kitu hakirudi tena. Ama kinavunjika, ama kinabaki na umbo jipya. Kwa nondo ya kawaida ya ujenzi wa leo mpaka huo uko karibu megapaskali 500, na fundi anayekunja nondo kwa kipande cha bomba anauvuka kila dakika bila kuuita jina.

Aliyeuchunguza mpaka huo kwa bidii ya kwanza alikuwa Mfaransa Henri Tresca. Mwaka 1864 alitangaza majaribio aliyofanya mjini Paris, ambapo alisukuma risasi na metali nyingine zikiwa ngumu kupitia matundu, zikatoka upande wa pili kwa mkondo. Alichogundua ni kwamba kinacholegeza kitu kigumu ni mkazo wa kuteleza, yaani ule unaotaka kusogeza tabaka moja juu ya jingine. Mkazo huo ukifika kiwango fulani, metali inaanza kwenda. Shinikizo linalotoka pande zote kwa usawa halifanyi kazi hiyo. Linakipunguza kitu ujazo tu. Jina la Tresca ni mojawapo ya majina 72 yaliyoandikwa kwenye Mnara wa Eiffel, na wahandisi wangali wanatumia kipimo chake hadi leo.

Hata hivyo Tresca alieleza lini, hakueleza vipi. Namna ya kuteleza ilikuja kuwa kitendawili cha fizikia kwa miongo kadhaa. Metali na madini mengi ni fuwele: atomi zimepangwa kwa safu, safu juu ya safu. Mwaka 1926 Mrusi Yakov Frenkel alipiga hesabu ya nguvu inayotakiwa kutelezesha safu nzima juu ya safu nyingine kwa mara moja. Hesabu yake ilikuwa safi, na ilitoa jibu ambalo halikukubaliana kabisa na maabara. Shaba, kwa hesabu hiyo, ingehitaji megapaskali elfu kadhaa. Fuwele laini ya shaba iliyo safi huanza kuteleza kwa megapaskali 1 hivi. Kosa la mara elfu kadhaa haliwezi kuwa la kipimo. Ni dalili kwamba picha nzima haiko sawa.

Mwaka 1934 watu watatu, Geoffrey Taylor, Egon Orowan na Michael Polanyi, walifikia jibu moja kila mmoja kwa njia yake. Fuwele halisi haijakamilika. Ndani yake mna mistari ya kasoro, mahali ambapo nusu ya safu imeishia njiani. Mkazo ukija, safu haitelezi yote pamoja. Kasoro ndiyo inayosafiri, atomi chache zikihama kwa zamu. Kwenye benchi la kliniki, mgonjwa wa mbele akiitwa, watu ishirini hawainuki pamoja. Mmoja anasogea, kisha wa pili, kisha wa tatu, na mwisho wa yote benchi zima limesogea nafasi moja bila mtu yeyote kutumia nguvu kubwa. Kasoro ikishavuka fuwele kutoka ukingo hadi ukingo, tabaka la juu limeteleza hatua moja juu ya la chini, na fuwele bado ni nzima.

Kwa zaidi ya miaka ishirini hii ilikuwa nadharia tu. Wengine waliiona ni ujanja wa hesabu. Katikati ya miaka ya 1950 darubini za elektroni zikawa na uwezo wa kutosha, na mwaka 1956 Peter Hirsch na wenzake wa Cambridge wakaziona kasoro zenyewe zikitembea ndani ya karatasi nyembamba ya alumini. Sidhani kama kuna nadharia nyingi za karne ile zilizothibitishwa kwa uwazi wa namna hiyo.

Kasoro hizi zinaeleza mambo ambayo wafua chuma wameyajua kwa karne nyingi. Kunja waya, unyooshe, ukunje tena palepale: kila mara unakuwa mgumu zaidi, mwishowe unakatika. Kukunja kunazaa kasoro mpya, nazo zikizidi zinazuiana njia. Katika sentimita moja ya ujazo ya metali iliyofuliwa sana, kasoro zote zikiunganishwa zingefika urefu wa kilomita milioni moja hivi. Ndiyo maana mhunzi hurudisha chuma kwenye moto. Joto linazipa atomi uwezo wa kuhama, kasoro zinafutana, punje mpya safi zinaota, na chuma kinarudi kwenye fuawe kikiwa laini. Na ndiyo maana nondo kuukuu zilizotolewa kwenye jengo lililobomolewa, zikanyooshwa kwa nyundo na kuuzwa upya, si nondo tena kwa maana ile ya mwanzo: zimeshatumia sehemu ya uwezo wake wa kufinyangika.

Joto lenyewe lazima lisomwe kwa kulinganisha na kiwango cha kuyeyuka. Kama kanuni ya mkono tu, kitu kikifika karibu nusu ya joto lake la kuyeyuka, likihesabiwa kutoka sifuri halisi, huanza kujongea polepole chini ya mzigo hata kama mzigo haujafika mpaka wa Tresca. Risasi huyeyuka kwa nyuzi 327, kwa hiyo chumba cha kawaida kwa risasi tayari ni nusu ya safari. Mabomba ya risasi katika nyumba za kale za Ulaya yalilegea yenyewe kwa miaka. Chuma kinahitaji kuwa chekundu. Kwatzi ya ardhini huanza kufinyangika karibu nyuzi 300, feldispa hungoja 450 au 500, na olivini, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya miamba iliyo chini ya ganda la dunia, hungoja zaidi ya hapo. Sasa lile jiwe la Usambara linasomeka: kila madini yalilegea kwa wakati wake, na garneti, ngumu kuliko zote, zikabaki duara huku kwatzi ikizizunguka.

Tofauti hiyo ya ugumu kati ya jirani na jirani ina faida zake. Tabaka gumu likivutwa katikati ya tabaka laini halinyooki sawasawa. Hukonda hapa na pale, kisha linakatika vipande vilivyopangana, na nafasi kati yake hupitisha maji ya moto yaliyobeba madini. Huko Merelani, chini ya Kilimanjaro, mifuko ya tanzanaiti imo katika miamba ya kinywe iliyokunjwa na kukatikakatika kwa namna hiyo. Mchimbaji hahitaji nadharia ya Taylor ili kuifuata, ila anaifuata.

Kuhusu shinikizo, jaribio la kukumbukwa ni la Theodore von Kármán, ambaye dunia inamjua zaidi kwa elimu ya ndege. Mwaka 1911, akiwa Göttingen, alichapisha matokeo ya kubana vipande vya mviringo vya marumaru ya Carrara. Alivizungushia ganda jembamba la metali, akavizamisha katika kimiminika chenye shinikizo, kisha akavikandamiza kwa juu. Bila shinikizo la pembeni marumaru ilipasuka mara moja, kama kila mtu alivyotarajia. Alipopandisha shinikizo la pembeni hadi zaidi ya megapaskali 300, sawa na kina cha kilomita 12 hivi, marumaru ileile, ikiwa baridi, ilifupika na kuvimba tumbo bila kuvunjika. Sababu ni kwamba ufa ili upanuke lazima upate nafasi, na shinikizo linaunyima nafasi. Tahadhari moja: marumaru ni laini kuliko mawe mengi. Graniti baridi kwa shinikizo hilohilo ingeendelea kuvunjika, ila ingehitaji nguvu nyingi zaidi. Vitabu vingi vinalitumia jaribio hili kana kwamba linasema juu ya mawe yote.

Muda ndio sehemu ngumu zaidi kuiamini, na hapo ndipo ugomvi ulipowaka. Mwaka 1926 Harold Jeffreys, bingwa wa mitetemo ya dunia, alionyesha kwamba kiini cha dunia kina sehemu ya kimiminika. Moja ya dalili ni mawimbi ya tetemeko aina ya S, ambayo hayapiti ndani ya kimiminika. Mawimbi hayohayo yanapita vizuri katika koti la dunia, lile tabaka nene la kilomita karibu 2,900 kati ya ganda na kiini. Kwa hiyo koti ni gumu. Kutokana na hapo Jeffreys alikata kwamba mabara hayawezi kuhama, maana yangehamaje juu ya kitu kigumu? Holmes, kwa upande wake, katika andiko lililochapishwa mwaka 1931, alipendekeza kwamba koti hilohilo gumu linazunguka polepole kwa joto la madini yenye mnururisho, na kuburuta mabara. Jeffreys alifariki mwaka 1989 akiwa bado anakataa.

Wote wawili walikuwa na ushahidi. Kilichomponza Jeffreys ni kupima ugumu kwa sekunde na kuutumia kwa mamilioni ya miaka. Mwaka 1935 Norman Haskell alitumia kuinuka kwa ardhi ya Skandinavia, ambayo bado inapanda, karibu sentimita 1 kwa mwaka mahali inapopanda kwa kasi zaidi, tangu barafu nene ya zama zilizopita ilipoyeyuka, akakokotoa mnato wa koti: paskali-sekunde 1 ikifuatwa na sufuri 21. Ukigawanya namba hiyo kwa kipimo cha unyumbufu wa mwamba unapata miaka 300 hivi. Kwa jambo linalodumu chini ya muda huo, koti linajibu kama chuma cha kengele. Kwa jambo linalodumu zaidi, linatiririka. Markus Reiner mwaka 1964 alipendekeza namba ya kulinganisha muda wa kitu kulegea na muda wa mtazamaji, akaiita namba ya Debora kwa kumkumbuka nabii wa kike wa kitabu cha Waamuzi.

Hapa niwe mkali kidogo. Wengi wetu tulifundishwa shuleni kwamba chini ya ganda kuna uji wa moto na mabara yanaelea juu yake. Si kweli. Koti ni jiwe. Uji upo, na watu wa Goma, wanaoishi chini ya volkano, wanaujua vizuri kuliko mwandishi yeyote, lakini ni sehemu ndogo inayoyeyuka katika hali maalumu, na sio unaobeba Afrika. Mwalimu anayesema uji anarahisisha somo kwa kulifuta, kwa sababu ajabu yote ni kwamba kitu kigumu kinakwenda.

Barafu ndiyo mwamba ambao tunaweza kuuona ukifanya hivyo ndani ya umri wa mtu mmoja, kwa kuwa daima iko karibu na joto lake la kuyeyuka. John Glen alipima barafu maabara na mwaka 1955 akatoa kanuni yake: mwendo wa kufinyangika huongezeka kwa mkazo uliopigwa kipeo cha tatu. Barafu ya mlimani ikipungua unene kwa nusu, mkazo chini yake unapungua kwa nusu, na mwendo unashuka hadi sehemu moja ya nane. Mabaki ya barafu ya Mlima Kenya na Rwenzori yanakonda kwa joto la hewa, na kwa hesabu hiyo yanaacha pia kutiririka, yakabaki yametulia mahali yalipo yakiisha.

Maji yana siri yake. Mwaka 1965 David Griggs na James Blacic walitangaza kwamba kwatzi yenye chembe chache za maji ndani ya fuwele zake hulegea kwa mkazo mdogo sana kuliko kwatzi kavu ya joto lilelile. Chumvi nayo ni shahidi: kwenye milima ya Zagros, Iran, chumvi iliyopanda kutoka chini ya ardhi inashuka mabondeni, na vipimo vilivyochapishwa mwaka 1980 vilionyesha kwamba mvua ikinyesha inaongeza mwendo.

Kabla ya kuyatumia haya yote nyumbani, kuna udhaifu wa kusemwa wazi. Kwenye maabara, kipande cha jiwe hufupishwa asilimia 10 kwa saa chache. Milimani kazi hiyo huchukua laki kadhaa za miaka. Pengo hilo ni la mara bilioni moja hivi, na watafiti hulivuka kwa kupandisha joto la maabara na kuamini kwamba kanuni haibadiliki njiani. Imani hiyo ina msingi, lakini ni imani, na mtu anayekupa ugumu wa ganda la dunia kwa usahihi mkubwa anakupa zaidi ya alicho nacho.

Ndiyo maana Bonde la Ufa ni mahali pa thamani: dunia yenyewe inatupa kipimo. Tetemeko hutokea pale ambapo mwamba bado unavunjika. Katika ganda la kawaida joto hupanda nyuzi 25 hivi kwa kila kilomita, kwa hiyo kwatzi hulegea kwenye kilomita 10 hadi 15, na matetemeko mengi ya California huishia hapo. Afrika Mashariki haikufuata mfano huo. Tetemeko la Malawi la 10 Machi 1989 lilianzia karibu kilomita 32 chini. Lile la Kagera la 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, lililobomoa nyumba Bukoba, lilikadiriwa na Wamarekani kuwa kwenye kina cha kilomita 40 hivi, ingawa namba ya namna hiyo hubeba kosa la kilomita kadhaa. Kwa kanuni ya kitabuni, huko chini mwamba ungetakiwa kutiririka kimya.

Maelezo yaliyo bora yanatoka katika mambo tuliyokwisha kuyaona. Ardhi ya kale ya katikati ya Tanzania ni baridi: joto linalopanda kutoka chini yake ni karibu nusu ya wastani wa mabara. Sehemu ya chini ya ganda lake haina kwatzi nyingi, ina feldispa na madini mengine magumu. Na miamba iliyopikwa hadi nyuzi 800 zamani zile ilikwisha kufukuzwa maji yake, ikabaki kavu. Mwaka 2002 James Jackson wa Cambridge alitumia matetemeko ya kina ya Afrika na sehemu nyingine kudai kwamba picha iliyozoeleka, ya ganda lenye tumbo laini juu ya koti lenye nguvu, iachwe. Wengine, akiwamo Evgene Burov na Tony Watts, walimpinga kwa hoja za uzito wa milima. Kwangu, kuhusu koti mjadala haujaisha; kuhusu ganda la chini la Afrika Mashariki, Jackson ana haki, kwa sababu kitu kinachovunjika kwenye kilomita 30 hakiwezi kuwa laini.

Hili si la wasomi peke yao. Ukubwa wa tetemeko unategemea eneo la mwamba linaloachia kwa pamoja. Mpasuko unaoshuka kilomita 30 una nafasi mara mbili ya ule unaoishia 15, na Malawi ina mpasuko wa Bilila-Mtakataka wenye urefu wa zaidi ya kilomita 100. Wanaoandaa miongozo ya ujenzi kwa Mbeya, Sumbawanga, Kigoma, Bukoba na Karonga wasichukue kina cha California wakakibandika hapa. Wasihadaiwe pia na ukimya wa miaka hamsini, kwa kuwa mwamba mkavu na baridi hujikusanyia mkazo kwa muda mrefu bila kuulegeza. Tetemeko la Rukwa la 13 Desemba 1910 lilikuwa na ukubwa wa takriban 7.4.